Anzeni na Dirisha: Benki ya Kubuni na Noti Zake

Mabibi na mabwana, waandishi wenzangu wa Mombasa, asanteni kwa kuja.

Anayetunga riwaya ya kuchekesha kuhusu mji wa kubuni unaovumbua pesa za karatasi, mara nyingi huanza na mtambo wa kuchapa. Nawaomba muanze na dirisha, pale karani anapopokea noti na kutoa sarafu. Karatasi hata mtoto huichora. Inakuwa pesa kwa sababu anayeifikisha dirishani hulipwa.

Tazameni Sichuan, China. Huko walitumia sarafu za chuma, nzito na za thamani ndogo, ndipo wafanyabiashara wa Chengdu wakaanza kupokea amana na kutoa stakabadhi. Baadhi yao walizila amana za watu wakashindwa kulipa, na serikali ikaichukua kazi hiyo. Toleo la noti la mwaka 1024 lilikuwa la tungo 1,256,340 za sarafu, yaani sarafu zilizotungwa pamoja kwenye kamba. Akiba ya sarafu ya kuzilipia, tungo 360,000. Zaidi kidogo ya robo tu.

Sasa tuilete hesabu hiyo kwenye riwaya. Sonara wa mji wenu anawekewa dinari 100 kashani, anatoa hati 100. Baada ya miezi kadhaa anaona wanaokuja kudai hawazidi kumi kwa siku, na wengine siku hiyohiyo wanaweka. Basi anamkopesha nahodha hati 200 zaidi, anunue shehena. Mtaani kuna hati 300, kashani dinari 100. Hajaiba: nahodha akirudi salama, zile 200 zitarudi na riba juu. Tatizo ni muda. Jahazi hungoja pepo za msimu, mwenye hati hangoji. Zikivuma tetesi kwamba jahazi limezama, hata ziwe za uongo, foleni itazunguka mtaa. Kila mmoja akiwa na hati moja, mtu wa 100 atalipwa. Wa 101, mwenye hati halali kabisa, ataambiwa kasha ni tupu. Huyo mpeni jina, mpeni kikapu mkononi na safari aliyokuwa ameipanga, maana riwaya nzima inamwegemea yeye.

Na karani afanye nini? Acheleweshe. Bank of England, wateja walipoimiminikia mwaka 1745, ililipa kwa vijisarafu vya peni sita ili kuhesabu kuchukue muda. Hapo kichekesho kimeshaiva, msikitie chumvi. Andikeni vijisarafu vikipangwa kumikumi juu ya meza, kimoja kibingirike chini, karani aanze upya.

Sweden nayo ilikuwa na pesa za mabamba ya shaba. Bamba la daler 10 lilikaribia kilo 20, uzito wa mtungi mmoja wa maji kwenye mkokoteni wa hapa kwetu. Haishangazi kwamba noti za mwenye benki Johan Palmstruch zilipokewa kwa furaha mwaka 1661. Akakopesha kupita kiasi, dirisha likashindwa, na mwaka 1668 akahukumiwa kifo, hukumu iliyopunguzwa baadaye.

Mfalme wa riwaya akijaribu njia ya vitisho, mpelekeni Tabriz, Uajemi, mwaka 1294. Mtawala Gaykhatu alitangaza kwamba atakayekataa noti atauawa. Soko likafungwa, na baada ya muda mfupi noti zikaondolewa.

Namalizia na mgeni wetu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, na baadaye akaieleza China: karatasi za ukubwa wa kiganja, zikichakaa hubadilishwa bila malipo, na anayeingia sokoni na sarafu za fedha hauziwi kitu mpaka akazibadilishe kwa karatasi. Mwingizeni mhusika wenu katika soko hilo jioni, ofisi ya kubadilisha imeshafungwa, mkoba wake umejaa sarafu za fedha tupu, na muuza samaki anafunika beseni lake.