Kazi yangu Leeds, kisanduku cha kufuli tatu, na kaka aliyetaka akaunti yangu

Kamwene watu wa Iringa na Njombe, ugonile Wanyakyusa wangu, na nyie wa Mbeya mjini mnaojifanya hamna kabila, mambo vipi! Samahani kwa kelele, huyo ni mwenzangu wa nyumba anakaanga samaki. Baridi ya hapa Leeds, Uingereza, leo ni ile ya Uyole mwezi wa saba, tofauti ni kwamba hakuna jiko la mkaa la kuota.

Kila nikipiga simu nyumbani, mama mkubwa ananiuliza, "Hivi mwanangu, wewe ni polisi au karani?" Wengine mnasema nimekuwa TRA ya wazungu. Basi leo niwajibu. Niko kwenye komplayansi, yaani uzingatiaji wa sheria, upande wa kuzuia utakatishaji fedha (yaani kuzungusha hela za uhalifu mpaka zionekane halali), kwenye kampuni ya kutuma hela. Mfumo unaibua miamala yenye shaka, mimi naifungua mmoja mmoja. Huyu mteja ni nani? Hela imetoka wapi? Mbona mwenye mshahara huu anatuma kiasi kile mara tano kwa siku? Nikiridhika, naandika nimeridhishwa na nini. Nisiporidhika, nampelekea afisa anayehusika kisheria, na yeye ndiye anaamua kama taarifa iende National Crime Agency, chombo cha Uingereza cha kupambana na uhalifu mkubwa. Kuanzia hapo mdomo unafungwa: kumtonya mteja kwamba ameripotiwa ni kosa la jinai. Nusu ya kazi ni kuandika, na hilo hakuna aliyenitahadharisha.

Kwenye usaili niliulizwa nieleze mahali nilipowahi kuona udhibiti wa fedha ukifanya kazi. Masta ninayo, lakini benki sijafanya hata siku moja. Nikajikuta naeleza kikoba cha mama pale Uyole. Kisanduku cha bati, kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu, na anayelala na kisanduku hana ufunguo hata mmoja. Hela zinahesabiwa na wawili mbele ya wote, hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu cha kila mwanachama. Kuna mwaka mshika ufunguo mmoja alifiwa, akaenda Kyela nao. Wiki nzima ada za watoto zimelala mle ndani! Kuna waliosema tuvunje kufuli tu. Yule dada wa usaili akaacha kuandika, akauliza mwenyekiti alisemaje. Nikamwambia mwenyekiti ndiye aliyekataa, na mwanawe alikuwa kati ya waliorudishwa nyumbani kwa ada.

Nilipata kazi.

Viza, harakaharaka, maana mnaniuliza sana. Ukimaliza masta, viza ya wahitimu ni miaka miwili. Wanaoomba kuanzia Januari 1, 2027 watapata miezi 18. Kwa muda huo unaajiriwa popote. Ikiisha, kubaki kwa viza ya kazi unahitaji mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, na mshahara wa kuanzia pauni 41,700 kwa mwaka kwa kawaida, au 33,400 kwa baadhi ya wanaoanza. Orodha ya wenye leseni serikali inaiweka wazi kwenye tovuti yake. Mimi sikuiangalia, nikatuma maombi arobaini na kitu, mengi kwa kampuni ambazo zisingeweza kunibakiza hata zikinipenda vipi. Ujinga wangu.

Ila kilichonifanya niwashe kamera leo ni kingine. Nikiwa bado mwanafunzi, kaka mmoja tuliyekutana kwenye sherehe ya Watanzania, mtu wa nyumbani kabisa, anaongea kama binamu zangu, aliniambia, "Dada, akaunti yangu ina shida. Pauni 3,000 zipitie kwako, wewe ubaki na 200." Na mimi kodi ya chumba nilikuwa nadaiwa. Nikasema nitafikiria. Usiku nikampigia mama, nikamzungushia maneno, kwamba kuna mtu anataka nimshikie hela. Mama akauliza kitu kimoja: "Kwani yeye hana pa kuiweka?"

Nikakataa. Mwenzangu wa darasani, aliyeombwa na mtu mwingine kwa maneno yaleyale, alikubali. Benki ikafunga akaunti, na jina lake likaingia kwenye kanzidata ya Cifas, shirika la kuzuia utapeli, ambayo mabenki mengi ya huku yanaisoma. Alama hiyo inakaa miaka sita. Hakuiba hata senti, alipitisha tu. Masta yake ya fedha ni nzuri kuliko yangu, lakini kila akiomba kazi ya fedha wanampekua, na alama inajitokeza. Kwa hiyo mdogo wako akija huku kusoma, kabla hujamwambia habari za koti zito, mwambie habari za akaunti.

Mama hajui hadi leo alinijibu nini usiku ule. Akiiona video hii atapiga, na najua hataanza na yule kaka. Ataanza na kwa nini nilidaiwa kodi nikanyamaza.