Mtumbwi wa Kale Niliouona Maine: Nani Aliuunda, na Mwaka Gani?

Habari zenu ndugu zangu wa Kigoma, Uvira, Bujumbura na popote mnaponitazama. Leo nimetoka Portland mjini, nipo ghalani kwa mzee mmoja huku ndani ndani ya jimbo la Maine, na nimekuja kwa kitu kimoja tu. Ngoja nigeuze kamera. Mnauona? Huo ni mtumbwi.

Najua wazee wangu wa Ujiji mtauliza gogo liko wapi. Hakuna gogo. Wenyeji wa asili wa huku, Wapenobscot na jirani zao, waliunda mitumbwi kwa magome ya mti wa betula. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa Maine wakaweka turubai mahali pa gome. Evan Gerrish wa mji wa Bangor alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifanya kazi hiyo biashara.

Sogeeni muone ndani. Haya mataruma, hizi mbavu za mtumbwi, ni mwerezi mweupe. Yalilainishwa kwa mvuke, yakapindwa juu ya kalibu ya mbao iliyofungwa mikanda ya chuma. Juu yake zikaja mbao nyembamba kabisa, kama milimita 4 hivi, zikapigiliwa misumari midogo ya shaba. Msumari ukipenya na kugonga ule mkanda wa chuma, ncha inajikunja yenyewe na kurudi ndani ya taruma. Tazameni safu hii ya vichwa vya misumari, imenyooka utadhani imepigiwa uzi! Halafu kipande kimoja cha turubai kikavutwa kuuvika mtumbwi mzima, kikapakwa mchanganyiko wa mafuta ya kitani, unga wa risasi na silika, kikaachwa kukauka majuma kadhaa ndipo kikapakwa rangi. Kalafati ya kuziba mianya ya mbao hawana haja nayo, maji yanazuiwa na turubai.

Sasa umri wake. Wengi wanakimbilia rangi, na hapo ndipo wanapopotea. Turubai huchakaa, likavuliwa na kuwekwa jingine, rangi nayo ikabadilika kila mwenye mtumbwi alipobadilika. Mimi ninaamini mbao. Mzee huyu aliambiwa na baba yake kwamba mtumbwi ni wa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Haya, twende kwenye omo, yaani ncha ya mbele.

Hapa chini, ndani, kwenye ule ubao uliopindwa kuifanya ncha ya omo. Nimepasugua kwa mswaki na maji kidogo, na sasa naweka tochi ubavuni, mwanga upite kwa kulala. Ukimulika kutoka juu huoni kitu. Ona! Zinajitokeza tarakimu tano za namba, kisha nafasi, kisha 17. Hiyo 17 ni urefu kwa futi. Nendeni na kwenye tezi, yaani ncha ya nyuma, namba ileile imegongwa huko. Mpangilio huu, namba ya mtumbwi kisha urefu, ndio wa kampuni ya Old Town, iliyoko mji wa Old Town kandokando ya Mto Penobscot.

Na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Kila mtumbwi ulikuwa na kadi yake kiwandani, na kadi nyingi zimehifadhiwa mpaka leo. Kuna chama cha wapenzi wa mitumbwi hii, Wooden Canoe Heritage Association, kilichoanzishwa 1979. Wanachama wake walisaidia kuziingiza kwenye kompyuta. Ukipeleka namba, unaletewa picha ya kadi. Hii hapa ya mzee: aina ya mtumbwi, mbao, siku ya kuvikwa turubai, rangi ya kijani kibichi, na kusafirishwa 1924. Yaani vita vilikuwa vimekwisha miaka sita nyuma. Mzee amekaa kimya, kisha akaomba aisome mwenyewe.

Si kila mtumbwi una bahati hiyo. Ukikuta kibati kidogo cha shaba chenye namba, kimepigiliwa ukingoni kwa ndani karibu na omo upande wa kushoto, fikiria B. N. Morris wa Veazie, palepale Maine. Kiwanda chake kiliungua, hivyo kadi usitegemee. Unabaki kulinganisha umbo la omo, kingo na vifuniko vya ncha. Mitumbwi ya kampuni ya Chestnut ya Fredericton, Kanada, ni vivyo hivyo, namba peke yake haikupi mwaka. Kingo nazo zinasema: zikiwa zimefunikwa juu kwa ubao, usione vichwa vya mataruma, mara nyingi mtumbwi ni wa zamani zaidi kuliko wenye kingo wazi. Nasema mara nyingi, kwa sababu mteja aliweza kuagiza anavyotaka.

Baada ya 1945 kampuni ya Grumman ilileta mitumbwi ya alumini, ikafuata ya plastiki ya nyuzi za kioo, na hii ya turubai ikaishia maghalani. Ndiyo maana bado inapatikana.

Ninyi mlio Lewiston na Portland, mkiuona mmoja unauzwa uani kwa mtu, msianze na msasa. Rangi na turubai la kale vina risasi, vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Na msasa ukipita mara mbili tu juu ya ubao wa omo, namba imekwenda. Pigeni picha kwanza, tochi ubavuni, omo na tezi, mnitumie hapo chini.