Nilidhani ni udi, kumbe ni fidla

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, mambo vipi? Leo sipo Leeds, Uingereza, jamani, nipo nyumbani Magomeni, uani kwa baba mdogo. Hizo bodaboda za nje mtazivumilia.

Mnajua kule kazi yangu ni ya usiku, na basi la kurudi nyumbani linazunguka sana. Alfajiri moja nimeweka muziki masikioni, kikaja kipande kinaitwa Escalay. Wallahi nilidhani ni udi, kama taarabu ya zamani inavyoanza kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kumbe ni Kronos Quartet, kundi la Marekani: fidla mbili, viola na selo. Kimo kwenye albamu yao ya 1992, Pieces of Africa. Aliyekitunga ni Hamza El Din, Mnubi, mpiga udi, na humo ndani yeye mwenyewe anapiga tari. Escalay ni lile gurudumu la kuvutia maji linalozungushwa na ng'ombe kandokando ya Mto Nile. Kijiji chake, Toshka, kilimezwa na maji lilipojengwa Bwawa Kuu la Aswan. Nilipolijua hilo nikakirudia toka mwanzo, basi likanipitisha kituo.

Nikaanza kutafuta mengine ya namna hiyo, vyombo vya Ulaya na muziki wa Afrika pamoja. Mengi, niwaambie ukweli, hayakunigusa: okestra inapiga ya kwao, ngoma imebandikwa pembeni kama pambo, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Lakini tafuteni albamu ya Chamber Music ya 2009. Ballaké Sissoko wa Mali na kora yake ya nyuzi 21, Vincent Segal wa Ufaransa na selo. Walirekodi Bamako, usiku, studio ya Salif Keita, yule mwimbaji wa Mali. Sikilizeni ile selo. Mara inashika besi, mara inashusha sauti kabisa hadi unaisahau, inampisha mwenzake amalize anachosema.

Sasa jana, baada ya Isha, nimemvalisha baba mdogo hedifoni. Huyu mzee alipiga fidla kwenye taarabu kabla mimi sijazaliwa, enzi vikundi vya Egyptian na Al-Watan vina jina kubwa hapa Dar. Sikumwambia chochote, nikamwekea Escalay tu. Akafumba macho. Nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vinatembea juu ya goti. Havigongi mdundo, vinateleza, vinapanda na kushuka kwenye kikoi. Kikaisha, akasema, "Hawa wamejua pa kuweka kidole."

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza kwa utulivu, na mimi naona hapo ndipo penye siri yote. Kinanda, sauti zake zimeshapangwa. Kati ya kibao na kibao hupati kitu. Na maqamu za Kiarabu, yaani ile mipangilio ya sauti ambayo nyimbo zao zinaifuata, nyingine zina sauti zinazokaa hapo hapo katikati. Udi unafika, shingo yake haina vigawanyo. Ganuni nayo ina vibati vidogo kwenye nyuzi, mpigaji anaviinua na kuvishusha. Fidla shingo yake tupu kama ya udi, kidole kinakaa popote sikio linapotaka. Ndiyo maana chombo cha Ulaya kilipofika Cairo, kikaja mpaka Zanzibar na hapa kwetu, kilikaa na wenzake bila ugomvi. Miaka yote nimekula pilau kwenye harusi na fidla zinalia pembeni, sijawahi kujiuliza zimefikaje.

Mwenye kanda za taarabu ya zamani kabatini, naomba asizitupe. Niandikieni hapo chini, nitakuja kuzisikiliza kabla sijaondoka.

Na asubuhi ya leo baba mdogo ameshusha boksi lake toka juu ya kabati, ameipangusa fidla kwa ncha ya kanzu. Imebaki nyuzi tatu. Ningejua ningemletea. Amesema tatu zinatosha, twende. Baba mdogo, karibu, kamera ipo tayari.