Patenti za bia: kesi ya kimea cheusi (mhadhara, Malindi)

Haya jamani, shikamooni wazee, vijana mambo. Najua wengi humu bia hamuigusi, leo tutaiongea tu hatuinywi, manake ugomvi wenyewe ni wa makaratasi.

London, 1817. Bia ya watu ilikuwa porter, nyeusi, lakini watengenezaji walishajua kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kile cheupe kinatoa sukari nyingi kuliko cha kahawia, wakawa wanatumia cheupe halafu wanatia sukari ya kuunguzwa kupata rangi, 1816 serikali ikapiga marufuku, ni kimea na hops, yale maua ya kutia uchungu, basi. Hapo ndipo akatokea Daniel Wheeler na pipa la chuma la kuzungusha motoni, kama la kukaangia kahawa, anachoma kimea mpaka cheusi, na kidogo tu chatosha kugeuza rangi. Akapewa patenti, yaani haki kwamba wengine wasiitumie njia yake bila ruhusa. Pesa hiyo!

1819 mahakama ikaifuta. Si kwamba kimea kilikuwa kibovu, la, kichwa cha karatasi kilisema njia mpya ya kukausha na kuandaa kimea, ukisoma ndani unakuta anachoma kimea ambacho kishatengenezwa, ati kitie bia rangi. Juu hivi, ndani vile. Imekwenda.

Wengine hata hawakuomba. Emil Hansen wa kampuni ya bia ya Carlsberg alitenga hamira safi 1883, kampuni ikaigawa bure hadi kwa washindani. Sasa shangaa, 2016 Carlsberg hiyo hiyo na Heineken wakapewa patenti Ulaya juu ya shayiri ambayo bia yake ikikaa haitoi ladha ya karatasi, na patenti inaishika hata bia yenyewe. Watu wakapinga, 2018 zikapunguzwa makali tu.

Huku kwetu je? Mgema anapanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni, anakata karara kidogo, anafunga kibuyu, tembo linaanza kuchacha huko huko juu kabla hajashuka. Hakuna wa kuja kusema njia hii yangu, si mpya, na sheria yetu ya 2001 inataka kitu kipya ndio ikulinde miaka 20. Lakini mtu akipata njia ya kuzuia tembo lisichachuke kwenye chupa, hiyo inaombeka, aende KIPI, ofisi ya serikali inayotoa patenti, kabla hajajisifu mangweni, aandike joto kiasi gani, dakika ngapi, na kichwa kilingane na tumbo, asije akawa Wheeler.

Haya, kijana pale nyuma, uliza.