Mshahara wa Aliye Ng'ambo Mipaka Inapofungwa: Mhadhara kwa Wahasibu na Maafisa Utumishi, Kigoma

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu mliotoka Kasulu na Kibondo, poleni na safari.

Nimeombwa nizungumzie unafuu wa mishahara kwa mtumishi aliye nje ya nchi wakati wa janga la maradhi. Mkoa wetu umekuwa na mashirika mengi yanayohudumia wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta. Mtu yuko Kibondo leo, mwezi ujao kapangiwa Nairobi au kavuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, na mshahara wake bado unaandaliwa Dar es Salaam. Serikali inapotoa unafuu, huupitisha kwenye orodha ya mishahara. Usipokuwemo kwenye orodha hiyo, unafuu unakupita hata kama uliumia kuliko waliomo.

Tazameni Kenya. Aprili 2020, UVIKO-19 ilipobana, walishusha kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 30 hadi 25, na nafuu ya mtu binafsi, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi yake, ikapanda kutoka shilingi 1,408 kwa mwezi hadi 2,400. Fanyeni hesabu: daraja la kwanza likawa shilingi 24,000 kwa asilimia 10, yaani kodi ya 2,400, na nafuu ni 2,400. Anayepata 24,000 halipi kitu. Lakini nafuu ile ni ya mkaazi, yaani anayehesabiwa na sheria ya kodi kuwa anaishi kule. Kijana wetu aliyefika Nairobi wiki chache kabla, hana nyumba kule na siku 183 za kuhesabiwa mkaazi hazijatimia, haimhusu, ingawa kodi ya pango na bei ya unga anakutana nazo sawasawa na jirani yake. Na Januari 2021 kile kiwango cha asilimia 30 kilirudi, kwa hiyo mhasibu aliyesahau kubadilisha hesabu aliacha deni la kodi.

Uingereza ilikuwa hivyo hivyo kwa njia yake: serikali ililipa asilimia 80 ya mshahara wa aliyesimamishwa kazi kwa muda, isizidi pauni 2,500 kwa mwezi, ila sharti awe ameshaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya mwajiri kule kabla ya tarehe iliyowekwa. Uraia haukuwa kikwazo.

Suala la siku ndilo linaloniuma zaidi. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya 2004 nayo huhesabu siku 183, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Mtumishi wa Serikali aliyepangiwa nje hana wasiwasi; sheria inamtambua kuwa mkaazi. Huyu wa shirika binafsi, ndege zikisimama, kila siku anayokwama inaweza kumsogeza kwenye kodi ya nchi ambayo hakukusudia kuishi. Naona huo ni uonevu. Marekani waliliona: kwa raia wao anayefanya kazi ng'ambo, njia mojawapo ya mapato yake kusamehewa kodi, hadi kiwango fulani, ni kukaa nje siku 330 kamili katika miezi 12, na mwaka 2020 walioondoka mapema kwa sababu ya ugonjwa hawakunyimwa msamaha kwa siku walizopungukiwa, mradi kama si ugonjwa wangezitimiza. Hata OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, ilitoa mwongozo Aprili 2020 kwamba ruzuku ya mshahara inayolipwa kwa aliyekwama ihesabiwe kuwa ya nchi aliyokuwa akifanyia kazi.

Basi barua ya kumpangia mtu kituo nje isiishie kwenye posho na nauli. Iandike mshahara unaandaliwa nchi gani, michango ya NSSF inaendelea wapi, na akikwama nani anabeba kodi itakayozidi. Nashauri abebe mwajiri, maana ndiye aliyemtuma.

Na pasipoti: toeni nakala ya kila ukurasa wenye muhuri siku ileile anaporudi, hata aliyeshuka boti hapa bandarini. Muhuri ukififia tarehe haisomeki, na afisa wa kodi atakayedai hizo siku huja baada ya miaka.