Unaanzaje Kumwambia Mtu Habari za Yesu Safarini? Najibu Nikiwa Malindi

Hamjambo wapendwa. Niko nyumbani Malindi, mtaa wa Barani, kwa mamangu, kwa hiyo mkisikia majogoo na pikipiki msishangae. Leo kwenye chaneli sionyeshi bahari, wala sifungui mabegi. Leo najibu swali, maana limeletwa na watu wengi mno: "Dada, mtu hakujui, mmekutana tu kwenye treni au kwenye basi. Unaanzaje kumwambia habari za Yesu?" Na kila likija, chini yake kwenye komenti wapo watu wawili. Mmoja anasema najionyesha nimeokoka kuliko wengine. Wa pili anasema nalipwa na Wazungu.

La pesa kwanza, kwa sababu najua bila hilo hamtanisikiliza. Hakuna anayenilipa. Natunza mama mzee kaskazini mwa Italia, nalala humo humo ndani, na siku yangu kubwa ya kupumzika ni Jumapili. Jumapili hiyo ndiyo napanda treni kwenda kusali na Waafrika wenzangu, kwa nauli yangu. Mnaodhani huku pesa zinaokotwa, sikilizeni gharama ya kibali cha kuishi peke yake, permesso, tena cha miaka miwili. Stempu ya serikali euro 16, posta euro 30, kadi yenyewe euro 30 na senti 46, na mchango wa serikali euro 50. Hapo hujapiga picha, hujatoa nakala, hujakatwa siku ya kazi. Mimi nilifika kwa miadi, alfajiri, nikaambiwa karatasi ya makazi ina kasoro nirudi siku nyingine, na ni karatasi ile ile iliyopita safari iliyotangulia! Silalamiki. Kazi ninayo, afya ninayo, namshukuru Mungu. Ila mtu asiniambie nalipwa.

Na kibali kikiwa kinafanywa upya, mkononi unabaki na risiti ya posta tu. Kwa risiti hiyo unaweza kuja kwenu na kurudi Italia, lakini kupitia nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, huruhusiwi. Zile tiketi za kupitia Ujerumani au Uholanzi zinakuwa si zako. Ndiyo maana nikapitia Addis Ababa, na hapo Addis ndipo lilipo jibu langu.

Nilikuwa nimekaa kusubiri ndege ya Kenya, pembeni yangu dada wa Kihabeshi aliyevaa netela, ule mtandio mweupe, anatoka Ghuba kwenye kazi za ndani. Nilinunua chai ya maziwa nikamkaribisha. Akakataa kwa adabu. Nikamuuliza, hupendi maziwa? Akasema leo Jumatano, nafunga. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia Jumatano na Ijumaa hawali nyama, hawanywi maziwa, hawali mayai, na kabla ya Pasaka wanafunga siku 55. Kule alikokuwa akifanya kazi alikuwa akifunga kimya kimya, bosi wake akidhani anaumwa tumbo. Nikamuuliza alikuwa akiomba vipi mahali ambapo kanisa liko mbali na ruhusa ya kutoka hana. Akanieleza kwa kirefu, Kiingereza chetu sote ni kile cha kazini lakini tulielewana. Halafu akaniuliza, na wewe? Nikamweleza jinsi Mungu alivyonishika mwaka babangu alipofariki nami niko mbali, sina nauli ya kuja kumzika. Tukaombeana pale pale, mikono imeshikana, watu wanapita na mabegi yao.

Sasa niambieni, nani alimshuhudia mwenzake? Ethiopia walikuwa na mfalme Mkristo, Ezana, katika karne ya nne. Huku pwani yetu kanisa letu la leo tunalihesabu tangu mmisionari Mjerumani, Krapf, aliposhuka Mombasa mwaka 1844. Ningemwendea yule dada kana kwamba mimi ndiye niliyebeba Injili na yeye ni wa kupokea, ningekuwa nimemkosea heshima, na ushuhuda wake nisingeusikia kamwe.

Kwa hiyo mimi, na nasema mimi, sisemi nyinyi, naanza na swali. Swali la kweli, ambalo jibu lake nalitaka. Msomaji wa Biblia akumbuke Filipo na yule Mkushi kwenye barabara ya Gaza, Matendo mlango wa 8. Filipo hakurukia garini na mahubiri. Alimkuta mtu anasoma, akamuuliza kama anaelewa anachosoma, na ni yule Mkushi aliyemwomba apande akae naye. Alialikwa! Hilo la kualikwa nalishikilia sana.

Nami nina sababu, na mtu wa Malindi hahitaji kuelezwa sana. Kuanzia Aprili 2023 miili ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, upande wetu huu wa Malindi, mpaka idadi ikapita 400, watoto wakiwemo. Watu waliotoka pande nyingi za Kenya, waliamini kwamba kufunga mpaka kufa kutawafikisha kwa Yesu. Mimi nilikuwa Italia. Yule mama ninayemtunza aliona kwenye televisheni, akasikia Malindi, akaniuliza kama ndugu zangu wapo mle. Nilikaa jikoni nikalia. Kwangu ushuhuda ulibadilika siku hizo. Jina la Yesu, jina ninalolipenda kuliko jina lolote, lilikuwa limetumika kuwafungia watu mlango. Tangu hapo nikiongea na mtu nisiyemjua kitu cha kwanza ninachojiuliza ni hiki: huyu akitaka kuondoka, anaweza?

Kwenye basi hawezi. Ndiyo maana wale wahubiri wanaosimama katikati ya basi likishatoka stendi, mimi siungani nao, na najua hapa nitatukanwa. Abiria amelipa nauli, ana mtoto mapajani, hana pa kwenda. Unamhubiria kwa sauti ya juu, kisha unapitisha bahasha. Atatoa hamsini ili yaishe. Sisemi wote ni waongo, wapo ninaowajua wenye wito, na hata makonda wengine wanawapenda. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kufundisha imani yake, na kifungu hicho hicho kinasema mtu asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Tunapenda kusoma nusu ya kwanza.

Na kwa kuwa nimegusa bahasha, niseme hili moyo utulie. Mwaka huu nimetumiwa ujumbe na watu wa kanisa moja la huku nyumbani kwamba "dada yetu wa ng'ambo" amewekewa fungu lake la mchango wa kununua spika za kanisa. Hawakuniuliza. Kiasi kimeshaandikwa, jina langu limeshasomwa mbele ya watu. Ningeombwa ningetoa nilicho nacho. Kuandikiwa deni katika jina la Bwana kumeniumiza, tena sana, kwa sababu ndio watu walionifundisha kuomba. Basi nikiwa safarini sitaji sadaka, sitaji chaneli hii, na simwombi mtu namba ya simu. Akiitaka yangu nampa. Mtu akishahisi kuna kitu unakitafuta kwake, maneno ya Mungu hayaingii.

Juzi nimekwenda Lamu kumwona shangazi. Barabara sasa ni lami, lakini vizuizi vya polisi viko vile vile, mnashuka, mnaonyesha vitambulisho, mnapanda, mpaka Mokowe kwenye boti. Karibu na Witu mama mmoja wa Lamu aliyekaa nami alinigawia kaimati zake. Akaniuliza natoka wapi, nina watoto, niko kanisa gani, maana msalaba shingoni aliuona. Sikumficha. Akaniambia mwanawe yuko hospitalini Mombasa, figo. Nikamuuliza, mama, nikimwombea mwanao kwa jinsi ninavyoomba mimi, utakwazika? Akasema, dua haikataliwi, nawe uliye mbali na wako nitakuombea. Niliomba kwa sauti ya chini, kwa jina la Yesu, nikamaliza. Yeye akaomba yake. Jina la mwanawe ninalo na ninaendelea kumwombea.

Najua komenti zinakuja. Ndugu zangu wa kanisani: "Ulikuwa na saa nzima, mbona hukumwambia atubu?" Ndugu zangu Waislamu: "Kwa nini umwombee Muislamu kwa jina hilo?" Nawajibu nyote kwa upole. Niliomba ruhusa nikapewa. Angesema hapana, ningekula kaimati yangu na kumtakia mwanawe nafuu. Sikujificha kwamba mimi ni wa Yesu, wala sikumgeuza mama mwenye mgonjwa kuwa hesabu yangu. Petro anasema tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, na papo hapo anasema kwa upole na kwa hofu. Hiyo hofu mimi naichukua kwa uzito.

Tena Malindi yetu mambo haya si mageni. Kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti, mnapokipita kila siku, kinakumbukwa pamoja na Francis Xavier, padri mmisionari wa Kikatoliki, aliyetia nanga hapa mwaka 1542 akielekea India. Aliandika barua baadaye akiwa Goa. Anasema kulikuwa na msiba chomboni, wakamzika mwenzao hapa, na Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo walivyozika. Kisha mmoja wa waheshimiwa wa Kiislamu akamuuliza kama Wakristo kwao wanahudhuria ibada kwa bidii, kwa sababu hapa Malindi, alisema, misikiti iko 17 na inayojaa watu ni mitatu tu. Waliongea, hawakukubaliana, chombo kikaondoka. Mimi sikubaliani na kila alichomjibu yule mzee. Ninachokipenda ni kwamba mzee wa Malindi alijisikia huru kumwambia mgeni wa dini nyingine uchungu alio nao juu ya watu wake wa dini yake. Huko Italia nasikia uchungu ule ule: wazee wana rozari ukutani, na wananiambia wajukuu hawajui hata Baba Yetu. Nawasikiliza. Wengine wananiomba niwasomee zaburi. Wengine wanabadilisha mazungumzo, nami nabadilisha nao.

Usichukue haya ukayafanya sheria. Wapo walioitwa kusimama sokoni, na mimi mwenyewe nilimsikia Yesu mara ya kwanza kwenye mkutano wa hadhara. Kama uko Ghuba, usijaribu ninayofanya Italia, sheria za huko kuhusu kuhubiri ni kali na mwajiri wako hatakutetea. Kama wewe ni msichana na unasafiri peke yako, usikubali kufuatana na mtu yeyote kwenda "kuombewa" mahali usipopajua, hata ajue Biblia nzima kwa moyo. Hilo ndilo peke yake nalisema kwa kila mtu, bila kupunguza.

Limebaki la mwisho, mnaloniuliza kama mtihani: "Wangapi wameokoka kupitia wewe?" Sijui. Treni inasimama, mtu anashuka, sijui alikwenda na nini. Yule dada wa Addis ameniandikia, amefika kwao salama, na mwezi huu anaanza kuuza kahawa karibu na kanisa lao. Anataka nimtumie picha ya Malindi. Nikimaliza kurekodi nakwenda kuipiga, kabla jua halijazama.