Kuirudia Besi Baada ya Miaka ya Kimya

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kurudi kwenye gitaa la besi baada ya kuliacha kwa miaka mingi, nami nitaanza na dai ambalo huenda baadhi yenu mkalipinga: kinachomsumbua zaidi anayerudi si kile alichokisahau, bali kile anachokikumbuka.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba jambo lililowahi kujifunzwa, hata likidhaniwa limefutika, hujifunzwa upya kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Yeye alijipima kwa silabi zisizo na maana, na stadi za vidole hudumu kuliko silabi za namna hiyo. Ndiyo maana mpigaji aliyeacha zamani huishika besi na kukuta mkono umekwisha kuijua njia kabla yeye hajaitafuta. Furaha hiyo ndiyo mtego wenyewe. Akili hudai kasi ileile ya zamani, ilhali sugu za ncha za vidole zimekwisha kulainika, na kano, ambazo huzoea mzigo polepole kuliko misuli, haziko tayari kuitikia dai hilo. Ngozi ikiuma, tuvumilie, kwani sugu hurudi baada ya wiki chache za kupiga mara kwa mara. Lakini kikiuma kifundo cha mkono au kigasha, ala iwekwe chini siku hiyo, bila mjadala.

Vipimo vya ala yenyewe vinatufundisha pa kuanzia. Besi nyingi hufuata kipimo cha Precision, besi ya umeme ambayo Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa Mmarekani, aliitoa mwaka 1951, na sehemu ya uzi inayotetema ina urefu wa inchi 34, yaani takriban sentimita 86. Kwa urefu huo, kutoka freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa) hadi ya nne ni karibu sentimita 13, lakini kutoka ya tisa hadi ya kumi na mbili ni kama sentimita 8 tu. Sioni basi kwa nini watu wengi huanza mazoezi karibu na kichwa cha gitaa, mahali ambapo mkono uliopoa hulazimika kutanuka kuliko kwingineko. Anayerudi aanze kwenye freti za juu, zile za karibu na mwili wa gitaa, kisha ashuke kuelekea kichwani kidogo kidogo kadiri mkono unavyofunguka. Na akifika freti za mwanzo atumie kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho, huku cha pete kikikisaidia cha mwisho, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa besi kubwa ya kusimama.

Kumbukumbu ya mkono, hata hivyo, haichagui. Hurudisha ustadi pamoja na kasoro: dole gumba linaloibana shingo, vidole vinavyokandamiza kuliko inavyohitajika, nyuzi zinazoachwa zivume ovyo. Kasoro hizo zinaporudi bado hazijakaza, na kwa maoni yangu majuma ya mwanzo yana thamani kubwa kuliko mpigaji anavyodhani, kwa kuwa baadaye kuzing'oa kutakuwa kazi maradufu. Mathalani, uzi mnene wa E hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na usipozimwa huendelea kunguruma chini ya noti zinazofuata na kuutia tope wimbo mzima. Kwa hiyo mwanzoni ningemshauri mtu ajifunze zaidi kuzima kuliko kupiga: metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe kwenye mapigo 60 kwa dakika, apige noti moja, na aamue kwa makusudi inakomea wapi. Kasi haina haraka. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, za miaka ya 1960, alijulikana kwa kuvuta nyuzi kwa kidole cha shahada peke yake, na hakuna aliyelalamika kwamba vidole havikutosha.

Kuhusu gitaa lililokaa bila kutumika, nitasema machache. Vitufe vya kuzungusha vya sauti vikitoa mkwaruzo, mara nyingi ni vumbi. Shingo ikiwa imepinda, chuma kilichomo ndani yake kizungushwe kidogo sana kwa wakati mmoja, au gitaa lipelekwe kwa fundi. Na kama ni besi inayotumia betri, betri hiyo iangaliwe kabla ya yote, maana ikiwa imevuja huweza kuharibu saketi iliyo jirani nayo.